Sura ya 6: Chupa, Kijiko na Karai

Siku presha ya mama ilipogundulika, hakuwa amekwenda kupima presha. Alikwenda zahanati kwa ajili ya goti. Kipimo kikasoma 168 kwa 98, kikarudiwa, kikasoma vilevile. Akarudi nyumbani Tanga na pakiti ya vidonge mkobani na agizo la maneno mawili: "Acha mafuta."

Mama ni mtu wa kushika agizo. Jioni ileile chupa ya mafuta ilipandishwa juu ya kabati. Maandazi ya asubuhi yakakoma, mbuzi ya kukunia nazi ikawekwa stoo, samaki akawa wa kuchemsha, mchicha wa kuchemsha, maharage ya kuchemsha. Lakini ulimi uliolelewa na tui haukizoei upesi chakula cha namna hiyo, na mkono wake ukawa unarudi kwenye kopo la chumvi kuomba msaada. Akaanza kutia vile vipande vya kuunga mchuzi vinavyouzwa kimoja kimoja dukani. Akamrudia ng'onda, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, kwa sababu ng'onda huchemshwa tu, hahitaji mafuta. Vidonge navyo akawa anavimeza siku kichwa kinapomuuma, maana aliamini kazi kubwa ameshaifanya. Baada ya miezi mitatu akapimwa tena: 166 kwa 98. Alitoka kliniki kama mtu aliyefunga mwezi mzima kisha akakosa Idi.

Safari iliyofuata alikutana na muuguzi wa makamo aliyevuta kiti karibu naye. "Shikamoo, mama. Leo sikuulizi unakula nini. Nipikie kwa mdomo, tangu unapowasha jiko asubuhi." Mama akaitikia marahaba, akapika kwa mdomo kwa dakika 20 nzima, nami nimekaa pembeni nasikiliza. Alipofika kwenye ng'onda, muuguzi akaweka kalamu chini. "Mama, mafuta umeyafukuza, lakini mlango umeuacha wazi."

Nimeandika sura hii kwa sababu ya dakika zile 20. Maneno "acha mafuta" huambiwa wagonjwa wengi wa presha kila siku, na anayeyasema hana nia mbaya. Ila hayamwambii mtu ni mafuta yapi, kiasi gani, wala yaliyoona moto mara ngapi. Na majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yanayotenganisha mafuta yanayomlinda mgonjwa wa presha na mafuta yanayommaliza polepole.

Mawimbi na ukuta

Presha ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Namba ya juu ni ile ya moyo unapokaza kusukuma, na ya chini ni ile ya moyo unapolegea kupumzika. Vipimo vikisoma 140 kwa 90 au zaidi, katika siku zaidi ya moja, ndipo waganga wengi husema mtu ana shinikizo la juu la damu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu bilioni 1.28 wenye umri kati ya miaka 30 na 79 walikuwa wanaishi nalo, na karibu nusu yao hawakujua kwamba wanalo. Hawajui kwa sababu presha haina desturi ya kupiga hodi. Wengi huipata habari yake kama mama alivyoipata, wakiwa wamekwenda kutibiwa kitu kingine, na wengine huipata wakiwa tayari wamepooza upande mmoja.

Aliyekulia pwani anajua jinsi bahari inavyobomoa ukuta. Haiubomoi kwa wimbi moja. Hupiga leo, hupiga kesho, mpaka ipate ufa, na ikishapata ufa maji hujipenyeza ndani yakaila saruji. Presha ya juu huifanyia hivyo mishipa yetu. Ndani ya kila mshipa kuna utando mwembamba sana ambao ndio mlinzi wake. Utando huo hutengeneza hewa iitwayo naitriki oksaidi, inayouamuru mshipa ulegee na utanuke. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuifichua kazi ya hewa hiyo. Utando ukichubuliwa na presha miaka nenda rudi, hewa hiyo hupungua, mshipa hukakamaa, na presha huzidi kupanda.

Kupitia nyufa hizo ndipo lehemu huingia. Lehemu ni ule utomvu wa mafuta ambao vipimo vya hospitali huuita kolesteroli. Mwili unaihitaji, na ini ndilo linaloitengeneza kwa sehemu kubwa. Lakini ile aina yake inayoitwa lehemu mbaya ikizidi kwenye damu, hujipenyeza kwenye ukuta wa mshipa uliochubuka, ikajijenga humo mwaka hadi mwaka, hadi njia ya damu inabanwa au inazibwa. Ikizibwa kwenye moyo, ni shambulio la moyo. Ikizibwa kwenye ubongo, ni kiharusi.

Nimelieleza hili kwa kirefu ili nisimdanganye msomaji. Ukibadili chupa ya mafuta jikoni, usitegemee namba ya presha ishuke kesho kama inavyoweza kushuka kwa kidonge au kwa kupunguza chumvi. Kwenye namba yenyewe, mafuta hufanya kazi ndogo na ya polepole. Kazi yake kubwa ni kwenye ule ukuta. Mtu mwenye presha ana ukuta unaopigwa tayari, na mafuta anayoyala kila siku yanaweza kuuziba ufa au kuupanua. Kwa hiyo mwenye presha ana haja ya kuyachagua mafuta yake kuliko jirani yake asiye nayo.

Chupa: mafuta yapi?

Mafuta yote ya kula yamechanganyika. Ndani ya kila chupa mna mafuta yaliyoshiba na mafuta yasiyoshiba, ila kwa mafungu tofauti. Yaliyoshiba huelekea kuganda, nayo hulisukuma ini liache lehemu mbaya nyingi kwenye damu. Yasiyoshiba hubaki majimaji, na yakichukua nafasi ya yale yaliyoshiba, lehemu mbaya hushuka.

Wakazi wa Mbeya, Iringa na Arusha wana kipimo ambacho sisi wa pwani hatuna. Asubuhi ya baridi, mafuta mengine hukutwa yameganda ndani ya dumu na mengine yanamiminika kama kawaida. Yaliyoganda yana kiasi kikubwa zaidi cha mafuta yaliyoshiba. Kwenye joto la Tanga au Mombasa mawese yaliyosafishwa humiminika mwaka mzima, na mtu anaweza kuyanunua miaka 10 akidhani ni sawa na alizeti.

Tuyaweke kwenye mizani. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 kwa siku, hiyo ni gramu 22 hivi. Sasa chukua vijiko viwili vya chakula vya mafuta, ambavyo ni gramu 28. Vikiwa vya alizeti ya kawaida, ndani yake mna gramu 3 tu za mafuta yaliyoshiba. Vikiwa vya mahindi, zeituni, ufuta au soya, ni kama gramu 4. Vya karanga huelekea 5. Vya mbegu za pamba hufika 7. Vya mawese ni gramu 14. Na vikiwa vya mafuta ya nazi, vijiko hivyo viwili peke yake vinaimaliza posho yote ya siku, kabla hujala nyama, maziwa wala yai.

Tazama tena chupa iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba haina kolesteroli. Maandishi hayo ni ya kweli, lakini hayakusaidii kuchagua, kwa sababu hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya kutajika. Mawese hayana, nazi haina, alizeti haina. Lehemu inayoziba mishipa hutengenezwa na ini letu wenyewe, na mafuta yaliyoshiba ndiyo huliachia ini hilo mkono. Ukisoma chupa, tafuta mstari wa mafuta yaliyoshiba. Mara nyingi umo kwenye jedwali dogo nyuma.

Kuna nchi jirani yetu katika Bahari ya Hindi iliyoyajaribu haya kwa taifa zima. Mauritius, wananchi wengi walikuwa wakipikia mafuta ya bei nafuu ya mgawo wa serikali, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ilikuwa mawese. Mwaka 1987, katika mpango wa kupambana na maradhi ya moyo na kisukari, serikali iliyabadili mafuta hayo yakawa ya soya. Hakuna aliyelazimika kujifunza mapishi mapya wala kununua chakula cha ghali. Watafiti waliporudi kupima mwaka 1992, wastani wa lehemu kwenye damu ya watu wazima ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 kwa lita hadi 4.7. Wenye presha ya juu nao walikuwa wamepungua, kutoka asilimia 15.0 hadi 12.1 kwa wanaume na kutoka 12.4 hadi 10.9 kwa wanawake. Sitasema kwamba mafuta yalifanya yote hayo, kwa sababu katika miaka hiyohiyo watu walihimizwa pia kufanya mazoezi, kupunguza pombe na kuacha sigara. Lakini lehemu iliyoshuka kiasi kile ilibeba alama ya chupa mpya.

Najua msomaji wa Kigoma anauliza habari za mawese mekundu ya nyumbani, na wa Pemba anauliza habari za tui. Ni maswali ya haki. Mawese mekundu ambayo hayajasafishwa kiwandani yana rangi ileile iliyomo kwenye karoti, na mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kwa mtoto anayekula mboga chache, hiyo ni neema. Kiwandani rangi hiyo huondolewa, na vitamini A huenda nayo, huku mafuta yaliyoshiba yakibaki palepale. Kwa hiyo mwenye presha akipenda ladha ya mawese, ayatumie yale mekundu, kijiko kimoja cha kuunga mboga, na asiyafanye mafuta ya kila chungu.

Kuhusu nazi, wanaoitetea huwataja watu wa visiwa vya Tokelau katika Pasifiki, waliokuwa wakipata zaidi ya nusu ya nguvu ya mwili kutoka kwenye nazi na bado maradhi ya moyo yakawa adimu kwao. Ni kweli. Lakini walikula nazi pamoja na samaki wabichi na vyakula vya mizizi, chumvi na sukari zikiwa chache, na kazi yao ilikuwa ya mikono. Na damu zao zilipopimwa, lehemu ilikuwa juu kuliko ya wenzao wa Pukapuka waliokula nazi kidogo kuliko wao. Tui jepesi kwenye sufuria ya mbaazi inayoliwa na watu sita si sawa na kukaangia mafuta ya nazi kila mlo. Mama alirudishiwa tui lake mara mbili kwa wiki, lile la pili na la tatu, na uso wake siku ile ulinifundisha kwamba ushauri wa lishe unaomnyang'anya mtu kwao haudumu.

Nimeyaacha mwisho mafuta ambayo sina neno jema juu yake. Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza mwaka 1902 ya njia ya kuyagandisha mafuta ya majimaji kwa kuyapitishia haidrojeni. Viwanda vikafurahi, kwa sababu mafuta hayo yalikaa muda mrefu rafuni bila kuharibika. Ilichukua miongo mingi kugundua kwamba yakigandishwa nusunusu, huzaliwa ndani yake mafuta ya transi, ambayo hupandisha lehemu mbaya na wakati huohuo kuishusha ile nzuri. Denmark iliyawekea kikomo kikali mwaka 2003, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaitaka dunia nzima iyaondoe kwenye chakula. Yatafute kwenye maandishi ya mafuta mgando, majarini, biskuti na keki za pakiti. Ukiona pameandikwa kwamba mafuta ya mimea yametiwa haidrojeni kwa sehemu, rudisha rafuni.

Kijiko: kiasi gani?

Aliyeshika chupa nzuri ana hatari yake pia, nayo ni kudhani kwamba uzuri wake unamruhusu kumimina. Gramu moja ya mafuta yoyote, yawe ya zeituni au ya ng'ombe, ina kilokalori 9, zaidi ya mara mbili ya gramu ya unga au sukari. Kijiko kimoja cha chakula ni kilokalori 120 hivi. Na presha hufuatana na uzito: tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja zimeonyesha kwamba kila kilo moja anayoipunguza mtu mnene hushusha presha yake kwa karibu pointi moja. Kilo 6 si mchezo, na pointi 6 zinaweza kumpunguzia mtu kidonge kimoja.

Fanya hesabu ya nyumba yako. Lita moja ya mafuta ina vijiko vya chakula 66 hivi. Familia ya watu watano inayomaliza lita kwa siku 5, kila mtu anakula karibu vijiko vitatu kwa siku, yaani kilokalori zaidi ya 300, mbali na chipsi za njiani na sambusa za kazini. Lita ileile ikisukumwa mpaka siku ya 10, kila mtu anakula karibu kijiko kimoja na theluthi. Hakuna aliyelala njaa, na mkoba nao umepumua.

Nimeona mbinu mbili zikifaulu. Ya kwanza ni kuacha kumimina kwa jicho na kupima kwa kijiko. Jicho la mpishi limezoea sufuria kubwa ya shughuli, na mkono hufuata jicho. Ya pili ni kubadili mpangilio wa kupika. Wengi wetu huanza kwa kuchemsha mafuta mengi ili kitunguu kipate kuogelea. Kitunguu kinaweza kulainika kwa kijiko kimoja cha mafuta na maji kidogo, sufuria ikiwa imefunikwa, moto wa wastani, na nyanya zikifuata zinamalizia kazi. Samaki wa kupaka, anayeokwa juu ya makaa, hahitaji karai hata kidogo.

Hapa niseme pia na wale wanaokunywa kijiko cha mafuta ya zeituni kila asubuhi kama dawa ya presha. Zeituni ni mafuta mazuri. Hispania, katika utafiti mkubwa uliowahusisha watu 7,447 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo, waliopewa mafuta halisi ya zeituni pamoja na mlo wa mboga, matunda, kunde na samaki walipata kiharusi na shambulio la moyo mara chache zaidi, pungufu ya karibu asilimia 30. Lakini hawakuyanywa juu ya chakula kilekile cha zamani. Waliyapikia, yakakaa mahali pa mafuta mengine. Na katika jaribio jingine lililofanyika Marekani na kutangazwa mwaka 2005, sehemu ya wanga kwenye mlo ilipobadilishwa kwa mafuta yasiyoshiba, namba ya juu ya presha ya wagonjwa ilishuka zaidi kwa karibu pointi 3. Ni faida ya kweli, na ni ndogo. Anayeacha vidonge akashika kijiko cha zeituni ameuza ng'ombe akanunua kamba.

Karai: yameona moto mara ngapi?

Sasa tutoke jikoni tuingie barabarani. Saa moja jioni, katika mji wowote wetu, karai la chipsi liko motoni. Mafuta yaliyomo hayakutiwa leo. Yametiwa juzi, jana yakaongezewa, leo yameongezewa tena, na kesho asubuhi huenda yakauzwa kwa bei ya chini kwa mtu wa mihogo. Simlaumu mkaangaji. Lita 20 za mafuta ni mtaji wake, na hakuna aliyempa kipimo cha kujua yameharibika lini. Lakini lazima tujue kinachotokea ndani ya karai lile.

Mafuta yanapokaa kwenye nyuzi 160 hadi 180, vitu vitatu huyashambulia kwa pamoja: joto lenyewe, hewa inayopuliza juu yake, na maji yanayotoka kwenye kiazi au samaki. Mafuta huanza kuvunjika, na vipande vilivyovunjika hushikana na kuzaa vitu vipya ambavyo havikuwamo kwenye chupa. Wataalamu hupima jumla ya uharibifu huo, na Hispania ni miongoni mwa nchi zilizoweka sheria kwamba ukifika asilimia 25, mafuta ni ya kumwagwa.

Hispania hiyohiyo, katika mji mdogo wa Pizarra mkoani Málaga, watafiti walifanya jambo ambalo natamani lifanyike Manzese na Kisumu. Hawakutosheka na kuwauliza watu wanakula mafuta gani. Waliingia kwenye majiko 538 wakachota sampuli ya mafuta yaliyokuwa yakitumika wakati huo, wakayapima maabara, kisha wakayalinganisha na presha ya wenye nyumba. Matokeo yakatangazwa mwaka 2003: mafuta yalivyozidi kuharibika, ndivyo presha ya juu ilivyozidi kuonekana katika nyumba hizo. Na huko Malaysia, panya waliolishwa kwa miezi mafuta ya mawese au ya soya yaliyochemshwa mara nyingi walipanda presha, na mishipa yao ikaonekana kupoteza uwezo wa kulegea. Panya si watu, na uchunguzi wa Pizarra hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba mafuta ndiyo chanzo. Lakini tafiti zote mbili zinaelekeza kidole mahali pamoja, kwenye ule utando mwembamba unaotengeneza naitriki oksaidi.

Na hapa ndipo watu wengi huteleza. Alizeti, soya na mahindi, ambayo ni bora kwa kuunga mboga, huharibika upesi yakikaangiwa tena na tena, kwa kuwa kile kinachoyafanya yawe laini mwilini ndicho kinachoyafanya yasistahimili moto wa muda mrefu. Mawese hustahimili zaidi, na ndiyo sababu wakaangaji huyapenda. Kwa hiyo chupa nzuri ya alizeti ya Singida inaweza kuingia kwenye karai ikiwa rafiki na kutoka baada ya siku nne ikiwa adui. Jawabu ni kukaanga mara chache, kwa mafuta machache, yakitumika mara moja au mbili basi.

Dalili za mafuta yaliyochoka hazihitaji maabara. Yamekuwa meusi na mazito. Yanatoa povu dogodogo lisiloisha. Yanafuka moshi kabla hayajapata moto wa kutosha. Yana harufu kali inayoshika kooni. Kuyachuja huondoa makombo tu, hakuondoi uharibifu. Kuyaongezea mapya ni kumpeleka kijana mzima akalale kitanda kimoja na mwenye kifua kikuu.

Mwanga na hewa nao huyaharibu mafuta, hata bila moto. Kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida, chupa za alizeti zilizopangwa mezani hung'aa kwa jua la mchana, nazo zinapendeza kweli. Ukinunua pale, omba ile iliyokuwa kivulini, na ukifika nyumbani iweke kabatini, mbali na jiko, ikiwa imefungwa vizuri. Mafuta yenye harufu ya karanga zilizovunda yamekwisha kuharibika, hata kama chupa haijamaliza mwezi tangu ifunguliwe.

Chumvi hupita mlango uleule

Nirudi kwenye maneno ya muuguzi kuhusu mlango. Vyakula vingi vya karai ni vyakula vya chumvi. Chipsi hazinyunyiziwi chumvi kidogo, samaki wa kukaanga hulazwa kwenye chumvi kabla ya kuingia motoni, na bagia haina ladha bila hiyo. Anayepunguza vya kukaanga hupunguza vyote viwili kwa pigo moja. Anayeacha mafuta na kuifuata chumvi, kama mama alivyofanya, amehama kutoka hatari ya polepole kwenda ile ya haraka.

Afrika Mashariki tulilishuhudia hili mapema. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia Waluo waliohama kutoka vijiji vya kando ya Ziwa Victoria kwenda Nairobi, wakiwalinganisha na waliobaki nyumbani. Presha za waliohama zilianza kupanda ndani ya miezi michache tu. Mkojo wao ulionyesha sababu mojawapo: chumvi imezidi, na potasiamu, ile ya mboga, matunda na vyakula vya shamba, imepungua. Uzito nao ulikuwa umepanda. Mji ulikuwa umebadilisha sahani nzima, si kitu kimoja.

Basi na tiba ni ya sahani nzima. Mwaka 1997 Marekani lilitangazwa jaribio la watu 459, ambamo baadhi yao walilishwa kwa wiki 8 mlo wa matunda na mboga kwa wingi, maziwa yasiyo na mafuta mengi, nafaka zisizokobolewa, na mafuta yaliyoshiba yaliyopunguzwa. Chumvi hawakuipunguza, na uzito wao haukuachwa ubadilike. Hata hivyo waliokuwa na presha ya juu walishuka kwa pointi 11 kwenye namba ya juu wakilinganishwa na waliokula mlo wa kawaida. Hiyo ni kazi inayokaribia ya kidonge. Vitu vya sahani hiyo vipo sokoni kwetu: mchicha, matembele, kisamvu, maharage, ndizi, mapapai, dona, dagaa wa ziwani waliooshwa vizuri. Chumvi nayo isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, tukihesabu na iliyojificha kwenye mkate na kwenye vile vipande vya kuunga mchuzi.

Kamba shingoni mwa chupa

Mama alipotoka kliniki siku ile hakuishusha chupa mara moja. Aliitazama siku mbili. Ya tatu akaishusha, akaitoa ile ya zamani, akanunua ya alizeti ya lita moja. Akachukua kijiko cha chakula, akakitoboa mpini kwa msumari wa moto, akakifunga kwa kamba ya katani shingoni mwa chupa. Tangu hapo hakuna mkono unaomimina mafuta nyumbani kwetu. Kila apikaye hupima, hata mgeni. Ng'onda amebaki wa siku moja moja, tena analowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa. Maandazi ni ya Ijumaa. Vidonge anavimeza kila siku baada ya sala ya alfajiri, kichwa kiume kisiume.

Baada ya miezi minne kipimo kilisoma 138 kwa 84. Nilimuuliza muuguzi ni kipi kilichoishusha, vidonge, chumvi au mafuta. Akaniambia nisivigombanishe, kwa sababu mgonjwa wake anavihitaji vyote.

Mwezi uliopita jirani yetu aliyetoka kupimwa alikuja kuketi barazani, pakiti ya vidonge mkononi. "Wameniambia niache mafuta, dada," akamwambia mama. Mama hakumjibu. Aliingia ndani akarudi na chupa yake, kijiko kikining'inia, akaiweka kwenye mkeka kati yao. "Kaa vizuri," akasema. "Nipikie kwa mdomo, tangu unapowasha jiko."